Ulimi na Skuli: Matamshi ya Watu wa Bara Hindi katika Fasihi

Neno Kihindi limebebeshwa katika Kiswahili mzigo mkubwa kuliko uwezo wake. Kwa maana yake halisi ni jina la lugha moja ya kaskazini ya Bara Hindi. Lakini katika vinywa vya watu wengi wa Pwani ni jina la kila lugha isemwayo na kila mtu mwenye asili ya huko. Mkachhi wa Unguja, Mgujarati wa Kampala, Kalasinga wa Nairobi na Mgoa wa Dar es Salaam, wote husemekana wasema Kihindi, ingawa lugha ya nyumbani kwa wa kwanza ni Kikachhi, kwa wa pili Kigujarati, kwa wa tatu Kipunjabi na kwa wa nne Kikonkani. Waswahili hawakukosa macho ya kuwapambanua watu hawa. Maneno Banyani, Khoja, Bohora, Kalasinga na Mgoa ni ushahidi wa kutosha. Lakini maneno hayo hupambanua watu kwa dini, kwa vazi na kwa asili. Hayawapambanui kwa ulimi. Sikio lilibaki nyuma ya jicho.

Kosa hili si la Waswahili peke yao. Limo katika vitabu vya Waingereza, na la ajabu zaidi, limo katika kazi za watu wa Bara Hindi wenyewe. Kwa hiyo yafaa uhakiki uulize swali moja: msanii anapomtia mtu wa Bara Hindi maneno kinywani, asikia nini? Asikia mtu aliyezaliwa mahali fulani na kusomeshwa katika skuli fulani, au asikia mzaha uliokwisha kutengenezwa kabla mtu huyo hajafungua kinywa?

Ili swali hilo lijibiwe kwa haki, hapana budi kutazama kwanza jinsi matamshi yanavyozaliwa. Hesabu ya watu ya mwaka 1961 iliandika majina 1,652 ya lugha za mama katika nchi ya India. Katiba ilipoanza kutumika mwaka 1950 ilitaja lugha 14 katika orodha yake ya heshima. Leo orodha hiyo ina lugha 22. Nyingi za kaskazini ni za ukoo mmoja na Kisanskriti. Kitamil, Kitelugu, Kikannada na Kimalayalam, lugha kuu za kusini, ni za ukoo mwingine kabisa. Mtamil na Mpunjabi ni raia wa nchi moja, lakini lugha zao hazina udugu wa damu.

Kila lugha kati ya hizo ina mwiko wake. Katika Kibengali sauti ya v haina makao maalumu. Jina ambalo mtu wa Delhi hulitamka Vivekananda, kwa mtu wa Kalkata huwa Bibekananda. Katika maandishi ya Kitamil herufi moja husimama mahali pa k na g, na nyingine mahali pa p na b, kwa kuwa mahali pa herufi katika neno ndipo panapoamua sauti yake. Mtamil ajifunzapo Kihindi hukuta herufi nne, kila moja na sauti yake, mahali ambapo lugha yake humpa moja tu. Mwenye Kihindi akicheka, Mtamil naye ana kicheko chake akibani: jina lenyewe la Kitamil huishia kwa sauti ya ulimi uliopindwa nyuma, na watu wengi wa kaskazini huishi na kufa bila ya kuitamka sawasawa.

Mfano mwepesi zaidi ni neno la Kiingereza lenye maana ya skuli. Mtu wa nyanda za mto Ganga hawezi kuvumilia s na k zikianza neno pamoja, basi hutanguliza irabu akasema iskul. Mpunjabi huzitenganisha kwa irabu ya katikati akasema sakul. Mswahili naye alilipokea neno hilo hilo, lakini aliyetaka irabu mwishoni ni yeye, akasema skuli. Na wale ambao elimu yao ya kizungu ilitangulia kwa Wajerumani walisema shule. Katika watu hawa hakuna aliyekosea. Kila mmoja aliufuata mwiko wa nyumba yake, na historia ya elimu yake ikabaki katika neno lake.

Hivyo ulimi wa mama ni mlango wa kwanza wa matamshi. Mlango wa pili ni skuli, na huo una kufuli. Watu wa Kiurdu wana msemo wa zamani wa kumsifu msomi kwamba shini yake na qafu yake ni sawasawa. Asiyefundishwa husema jamin kwa zamin, yaani ardhi, na wanaojua humtambua papo hapo. Msomaji wa Kiswahili aliyesoma chuoni anaelewa jambo hili bila ya kuelezwa, kwa kuwa dh ya dhahabu na gh ya ghali zimekuwa Pwani alama ya malezi, na anayesema zahabu hupimwa kabla hajamaliza sentensi yake.

Serikali ya Kiingereza ilijenga mlango mwingine juu ya huo. Mwaka 1835 Macaulay alishauri kwamba fedha za elimu ya juu zielekezwe katika Kiingereza, na ushauri wake ukashinda. Mwaka 1857 vyuo vikuu vya Kalkata, Bombay na Madras vilianzishwa, vyote vitatu katika miji ya bandari iliyokuwa makao ya utawala. Watu wa miji hiyo walikitangulia Kiingereza. Watu wa bara ya ndani wakakipata baadaye na kwa uchache. Elimu ya lugha za wenyeji nayo haikuenea sawa. Travancore, kusini kabisa, ilikuwa na amri ya kifalme ya mwaka 1817 kwamba gharama za kufundisha watu zibebwe na dola. Sehemu kubwa ya nchi hiyo leo imo katika jimbo la Kerala. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2011, waliojua kusoma na kuandika Kerala walikuwa karibu 94 katika kila 100. Bihar walikuwa karibu 62. Anayesema lafudhi ya Wahindi ni moja amefuta tofauti hizo zote kwa neno moja.

Sasa kazi zenyewe zaweza kupimwa. Ya kwanza ni *Kim*, riwaya ya Rudyard Kipling iliyotoka mwaka 1901. Humo yumo Hurree Chunder Mookerjee, Mbengali mwenye shahada ya Chuo Kikuu cha Kalkata, mpenda vitabu vya Kiingereza na mwenye tamaa ya kuingia katika jumuiya ya wanasayansi wakubwa wa London. Kipling huandika baadhi ya maneno yake kwa tahajia iliyopotolewa, ili msomaji wa Kiingereza acheke. Hata hivyo Hurree si mjinga. Ni mpelelezi hodari, na mbele ya wageni wawili wa serikali adui hujifanya mlevi mwenye kulalamika, yaani hujifanya yule Mbengali wa mzaha ambaye wageni walikwisha kumtarajia. Mzaha huwa barakoa, na nyuma yake akili hufanya kazi. Hapo Kipling aliona mbali kuliko wenziwe wengi. Lakini barakoa ikivuliwa, tahajia ile iliyopotoka hubaki. Mwandishi anamsifu Hurree kwa akili yake na kumcheka kwa kinywa chake, kana kwamba viwili hivyo havikutoka katika skuli moja.

Jawabu la kosa hilo limo katika kitabu kile kile. Kim mwenyewe ni mtoto wa askari wa Kiayalandi, lakini alilelewa katika mitaa ya Lahore, na Kiingereza chake cha kwanza ni kibovu. Lugha ya mitaani ndiyo yake. Husema Kiingereza kama Mzungu baada ya kupelekwa skuli ya St. Xavier, Lucknow, kwa ada iliyolipwa na lama wa Tibet. Basi Kipling alijua kuwa matamshi hayamo katika damu: yamo katika malezi na katika ada. Alilijua hilo kwa mtoto mweupe. Kwa Mbengali alilisahau.

Kazi ya pili ni filamu ya Kihindi iitwayo *Padosan*, iliyotoka mwaka 1968 na kupendwa hata leo. Mchekeshaji Mehmood anaigiza mwalimu wa muziki na ngoma, mtu wa kusini, mwenye Kihindi kilichojaa sauti za kusini. Anashindana na kijana wa kaskazini kwa ajili ya msichana jirani. Kijana huyo hajui kuimba. Rafiki yake hujificha na kumwimbia, naye huchezesha midomo tu. Watazamaji hucheka, na ustadi wa waigizaji haukanikani. Lakini iangaliwe ni nani anayechekwa. Mwenye elimu ya muziki ni yule mwalimu. Mwenye kupendelewa na hadithi ameazima sauti. Tena sauti zenyewe za shindano lile ni za Manna Dey, aliyemwimbia mtu wa kusini, na Kishore Kumar, aliyemwimbia mtu wa kaskazini, na wote wawili ni watoto wa nyumba za Kibengali. Wabengali wawili waliimba Kihindi ili Mtamil achekwe kwa kutokijua Kihindi.

Mzaha huo haukuanguka mahali patupu. Tarehe 26 Januari, 1965, muda wa miaka kumi na mitano uliowekwa na Katiba ulikwisha, na Kihindi kikawa lugha kuu ya serikali ya India, ingawa sheria ya mwaka 1963 iliruhusu Kiingereza kiendelee kando yake. Katika jimbo la Madras wanafunzi walitoka mabarabarani. Makumi ya watu waliuawa, na wengine walijichoma moto wakiitetea lugha yao. Hofu yao haikuwa ya maneno matupu: mitihani ya kazi za serikali ikifanywa kwa Kihindi, mtoto wa Delhi angetahiniwa kwa lugha ya mama yake, na mtoto wa Madurai kwa lugha ya mwalimu wake. Januari 1968 Bunge la Madras, chini ya uongozi wa C. N. Annadurai, liliazimia kukiondoa Kihindi katika masomo ya skuli zake na kubaki na Kitamil na Kiingereza. Mwaka huo huo serikali kuu ilitangaza mpango wa lugha tatu kwa kila mwanafunzi, na mwaka huo huo *Padosan* ikaonyeshwa. Filamu haikuwa na wajibu wa kuhubiri siasa. Lakini kicheko kinachomwangukia mtu kwa lugha aliyolazimishwa si kicheko chepesi, na uhakiki unaokiita chepesi haukutazama kalenda.

Kazi ya tatu ni *Kanthapura*, riwaya ya Raja Rao ya mwaka 1938. Mwandishi huyu alizaliwa Hassan, katika nchi ya Mysore, na lugha yake ilikuwa Kikannada. Katika dibaji yake anaeleza taabu ya kusimulia kwa lugha ngeni mambo ya roho isiyokuwa ngeni. Hakupotoa tahajia hata kidogo. Alimpa usimulizi Achakka, bibi mzee wa kijijini, akamwacha aseme kwa sentensi ndefu zinazoshikana mikono, kama wasemavyo wazee barazani, ambao hawakati neno mpaka kisa kiishe. Msomaji husikia kusini katika mwendo wa usemi, wala hapati nafasi ya kumcheka msemaji. Ushindi huo ni mkubwa; lakini una bei. Moorthy, kijana aliyeacha chuo mjini ili amfuate Gandhi, na watu wa kijijini wasioijua kalamu, wote hupita katika kinywa cha Achakka na kutoka na sauti moja. Ulimi wa mama umesikika, skuli haikusikika. Na hali tofauti ya skuli ndiyo iliyompa Moorthy uwezo wa kuwaongoza wenziwe na kuwa mbali nao kwa wakati mmoja.

Katika kazi tatu hizi mna mizani ya kupimia nyingine. Kipling aliisikia skuli, akaudhihaki ulimi. *Padosan* iliusikia ulimi, ikaisahau skuli na sheria iliyoilazimisha. Raja Rao aliuheshimu ulimi, akaipunguza skuli. Kazi kamili ni ile imfanyayo msomaji ajue, bila ya kuambiwa, kwamba msemaji huyu alilelewa kwa lugha fulani, kwamba mlango fulani wa elimu ulifunguliwa kwake au ulifungwa, na kwamba asemavyo sasa ni njia aliyoipata baina ya mambo hayo mawili.

Mizani hiyo yawahusu pia wanaoandika Kiswahili. Katika michezo na vichekesho vya Afrika Mashariki, Mhindi wa dukani amekuwa na Kiswahili kimoja tu kwa muda mrefu: viambishi vimechanganyika, vitenzi havina nyakati, na kicheko kimehakikishwa. Mkachhi aliyezaliwa Unguja, ambaye babu yake alisema Kiswahili kabla ya watu wengi wa bara kukisikia, hutiwa kinywani maneno yale yale ya Mpunjabi aliyeshuka melini jana. Mwandishi atakayewatenga wawili hao kwa sikio, kama Waswahili wa zamani walivyowatenga kwa jicho, atakuwa amewatendea haki. Atakuwa pia ameitendea haki lugha ya Kiswahili, ambayo katika vinywa vya watu hao ina historia ndefu kuliko mzaha.