Swali la Kwanza Kwenye Kaunta

Mzazi wa Magwagwa akienda Nyamira au Kisii mjini kutafuta kitabu, kwa kawaida dukani huulizwa kwanza: mtoto yuko darasa gani? Swali hilo ndilo lililoijenga biashara ya vitabu huku Gusii, na ndilo linaloibana leo. Linatafuta orodha. Msomaji mwenyewe na anachokipenda hawamo.

Zamani orodha ilitosha. Elimu ya msingi ilipofanywa bure nchini Kenya mwaka 2003, shule zilipata fedha za vitabu, zikachagua katika Orange Book, ule mwongozo wa vitabu vilivyoidhinishwa, na duka likaleta. Muuzaji alihitaji stoo na kitabu cha risiti. Kusoma bidhaa yake haikuwa lazima. Kisha mwanzoni mwa 2018 serikali ikaanza kuwatumia wachapishaji kupeleka vitabu moja kwa moja shuleni. Maduka yaliyoishi kwa oda za shule yakabaki na madaftari, vitabu vya marudio na vile vichache vya fasihi vinavyotahiniwa.

Oda zikishaondoka, inabidi kumpendekezea msomaji mmoja mmoja. Duka lililozoea orodha hujifunzaje kupendekeza? Kisa ninachokiona kina mafunzo zaidi ni cha Waterstones, maduka ya Uingereza yaliyokuwa hatarini kuanguka. James Daunt alipokabidhiwa uongozi wa maduka hayo mwaka 2011, alikataa fedha ambazo wachapishaji walizoea kulipa ili vitabu vyao viwekwe mbele, akawaachia wafanyakazi wa kila tawi waamue kipi kikae mezani. Wengi husifu kadi za mapendekezo ambazo wafanyakazi hao huziandika kwa mkono. Kwangu kadi ni tunda tu. Mzizi ni kwamba meza iliyolipiwa haina la kumwambia mteja, ilhali mfanyakazi aliyeagiza kitabu kwa hiari yake yuko tayari kukitetea. Vitabu vilivyorudishwa kwa wachapishaji bila kuuzwa vikapungua sana.

Huku kwetu kizuizi cha kwanza ni mbao na waya. Katika maduka mengi vitabu viko nyuma ya kaunta, na mteja huelekeza kidole kwa mbali. Pendekezo halifanyi kazi hapo, kwa sababu kazi yake ni kumfanya mtu ashike kitabu na kusoma ukurasa wa kwanza. Meza moja ndogo mbele ya kaunta, yenye vitabu vitano au sita, ingetosha kuanzia.

Halafu maneno yenyewe. Kadi inayosema "riwaya bora iliyoshinda tuzo" haijamwambia mnunuzi wa zawadi chochote, kwa kuwa yeye anamfikiria mtu fulani. Kwa Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka 1996, ningeandika: "Mpe kijana anayejiuliza baba yake ni nani. Kongowea anatoka Tanga hadi Kitale kumtafuta wake." Kwa Vuta N'kuvute ya Adam Shafi: "Kwa dada aliyewahi kuchaguliwa mume. Yasmin hakukubali kubaki." Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis mwaka 2022, ningempa mzee anayeyajua madeni, maana Yusuf anachukuliwa utotoni kwa sababu ya deni la babake. Kila kadi inamtaja mpokeaji kabla ya kumsifu mwandishi, na haiwezi kuandikwa na mtu ambaye hajasoma. Rosa Mistika ya Kezilahabi ingehitaji pia neno la tahadhari kwa mzazi, na muuzaji anayelitoa huaminiwa zaidi mteja anaporudi.

Duka dogo lina nguvu moja kubwa: muuzaji humjua mteja, shule ya wanawe, pengine hata mama yake. Akiandika daftarini alichompendekezea nani, likizo ijayo ana pa kuanzia mazungumzo.

Bei ni kikwazo cha kweli. Tangu 2013 vitabu vinatozwa kodi ya ongezeko la thamani (VAT), na zawadi ya Desemba inashindana na sukari na blanketi. Kwa hiyo wakati ni sehemu ya ufundi. Baridi ya Juni hadi Agosti, pamoja na likizo, ndiyo majira ya kujaribu meza na kuona kadi ipi inasomwa. Bonasi ya wakulima wa chai huja karibu Oktoba, na hapo ndipo pesa za zawadi hupatikana. Peponi na Vuta N'kuvute huchapishwa Dar es Salaam, hivyo oda inayongoja Novemba imechelewa; Septemba vitabu vinapaswa viwe njiani.