Adabu ya Binti na Adabu ya Mwana

Mwaka 1951 Monica Wilson alitoa kitabu kiitwacho Good Company, yaani Wenzi Wema, juu ya Wanyakyusa wa Kyela na Rungwe, kaskazini ya Ziwa Nyasa. Yeye na mumewe Godfrey walikusanya habari zake huko kati ya miaka 1934 na 1938. Tumekisoma tena kwa ajili ya jambo moja linalowahusu wazazi na walimu: jinsi adabu ilivyogawanywa kati ya binti na ndugu yake.

Habari za vijiji vya marika zimeelezwa vizuri. Mwana wa kiume alipopata miaka kama 10 au 11 aliacha kulala kwa baba yake, akajenga vibanda pamoja na wenzake. Sababu ilikuwa adabu: haikufaa mtoto ajue mambo ya chumbani ya wazazi wake, wala baba mtu kukaribiana na mke wa mwanawe. Katika kijiji chao vijana walijifunza ukwangala, ndiyo furaha ya kukaa na wenzi, kula pamoja, kuzungumza na kupata akili.

Basi tazameni upande wa binti. Aliposwa angali mdogo, ng'ombe wakatolewa, na alipovunja ungo akaenda kwa mume aliyempita sana kwa umri. Tangu hapo ilimpasa kumcha baba mkwe, desturi iitwayo ukutila: asimtazame usoni, asikae naye nyumba moja, asitamke jina lake, na akimwona njiani ajifiche. Hofu ilikuwa moja, nayo ni tamaa ya watu wazima. Lakini kwa hofu hiyo mwana alipewa kijiji, na binti akapewa kichaka.

Lawama yetu kwa kitabu ni kwamba wanaume ndio wanaojaza kurasa zake. Binti twamwona zaidi kama mke au mkwe, wala hatusikii vya kutosha furaha ile ilimgharimu nini. Mwandishi alilirudia jambo hilo mwaka 1977 katika For Men and Elders, akichunguza mahusiano ya vizazi, na ya wanaume na wanawake, tangu 1875 hadi 1971. Asomaye cha kwanza na asome na cha pili.

Vijiji vile havipo tena kama vilivyokuwa, lakini mzani ule haujavunjika. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu binti kuolewa na miaka 15 kwa idhini ya wazazi, hali mvulana alingoja 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba tofauti hiyo ni kinyume cha Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikathibitisha. Hata nyumbani ni vivyo hivyo: binti akitoka bila kitambaa kichwani aitwa arudi, ndugu yake akirudi usiku wa manane, hapana amwulizaye. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Wako watakaotujibu kwamba dini ndiyo iamuruyo. Na wasome vema. Mtume Paulo, katika Waraka wa kwanza kwa Wakorintho, mlango wa 11, aliwaagiza wanawake wafunike kichwa wasalipo, na wanaume wasifunike. Kila mmoja alipewa lake. Na jirani zetu Waislamu wajua kwamba Sura ya An-Nur, katika aya ya 30, yaanza na wanaume, kwamba wainamishe macho yao. Wanawake wafuata katika aya ya 31. Sisi tumeshika nusu iliyo ya binti, nusu ya mwana tumeisahau.

Hatusemi kitambaa kitupwe. Kitambaa kina heshima yake, na binti akivaaye kwa moyo wake asichekwe. Twasema hivi: mzazi amwambiapo binti, "Funika kichwa," siku ile ile amwambie na mwanawe, "Linda macho yako na ulimi wako." Neno hili la pili likimshinda kutamka, na ajiulize kama lile la kwanza lilikuwa adabu, au lilikuwa mzigo tu aliomtwika asiyeweza kukataa.