Ufundi wa Kurudi Mbioni

Mbio za baiskeli za milimani hufanyika kwenye njia zisizopitika kwa gari: mawe, mizizi, mchanga na miteremko ya ghafla. Anayeanguka humo huweza kuvunjika mtulinga, mbavu au kifundo cha mkono, na akikosa bahati huvunjika mfupa wa paja. Kwa hiyo mchezo huu una ufundi wa aina mbili. Wa kwanza ni kuendesha. Wa pili ni kurudi baada ya kuumia, nao unastahili heshima ileile, kwa sababu humdai mtu aliyezoea kasi kitu kigumu kuliko kasi, yaani subira yenye mpango.

Uwanda wa kati wa Tanzania unafaa kufundishia aina zote mbili. Dodoma iko kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,100, na mvua yake, isiyofika milimita 600 kwa mwaka, hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili. Kiangazi, udongo mwekundu hukauka ukawa vumbi juu na mgumu chini. Makorongo hujaa mchanga, na miiba ya migunga hutoboa tairi lolote jembamba. Kuanzia Chimwaga hadi Kondoa kuna vilima vya mawe ya itale na njia za ng'ombe zinazopinda katikati ya vichaka. Wenyeji huzipita njia hizo kwa baiskeli zilizosheheni madumu ya maji au magunia ya mkaa. Mbeba mzigo hujifunza mapema kutazama mbele, kupunguza mwendo kabla ya mchanga na kutofunga breki ya mbele kwenye mteremko, kwa kuwa mzigo hausamehe kosa.

Kurudi huanza na mfupa. Mahali palipovunjika hujaa kwanza bonge la damu. Katika wiki chache bonge hilo hugeuka tishu laini yenye gegedu, kisha mfupa mpya hujengeka juu yake. Mtulinga wa mtu mzima huhitaji wiki 6 hadi 12 kuunga. Mfupa wa paja huhitaji miezi kadhaa. Hogo au vyuma kazi yake ni kushikilia sehemu zilizovunjika zikae mahali pake wakati mwili unajenga. Tangu mwaka 1892, daktari Mjerumani Julius Wolff alipoeleza kwamba mfupa hujipanga kulingana na uzito unaoubeba, imeeleweka kwa nini mgonjwa hulazimika kukanyaga kidogo kidogo. Uzito ukija mapema mno, mahali panapounga huachia; usipokuja kabisa, mfupa hubaki dhaifu. Kiasi na wakati wake huamuliwa na daktari aliyeona picha ya eksirei, wala si maumivu peke yake.

Misuli hufuata. Paja lililolala kwa wiki chache hupungua kwa macho, na goti hukakamaa. Hapa kazi ni ya mtaalamu wa fiziotherapia: kukunja na kunyoosha, kusimama kwa mguu mmoja, kupanda ngazi, kisha kukanyaga pedali za baiskeli iliyofungwa mahali pamoja. Ni kazi isiyo na mashabiki, inayorudiwa kila siku, na ndiyo inayoamua kama mguu wa kushoto na wa kulia itasukuma kwa nguvu sawa. Chakula kina sehemu yake pia: maziwa, dagaa, maharage na mboga za majani huupa mwili protini na madini ya kujengea.

Aliyegonga kichwa ana utaratibu wake. Hupumzika siku moja au mbili, kisha hupanda hatua moja baada ya nyingine, na dalili kama kichwa kuuma au kizunguzungu zikizidi, hurudi nyuma. Helmeti iliyopigwa kwa nguvu haivaliwi tena hata kama haionyeshi ufa.

Sehemu ya nne ndiyo ngumu kuliko zote. Mfupa unaweza kupona kabla mwendeshaji hajapona. Woga humfanya akaze mikono kwenye usukani, aangalie jiwe analolikwepa, na kwa kuwa baiskeli hufuata macho, alivamie jiwe lilelile. Tiba yake ni kujifunza upya kwa ngazi: barabara ya vumbi iliyo tambarare, kisha mteremko mfupi, kisha mchanga wa korongo, kisha mawe. Kila ngazi hurudiwa hadi mabega yalegee na macho yaende mbele. Mahali palipomwangusha hupitiwa kwanza kwa miguu, kwa kutazama mstari wa kupita, na ndipo hupitiwa kwa baiskeli. Kabla ya yote, fundi hukagua foki, rimu, breki na shokapu, maana anayetilia shaka chombo chake hawezi kuuamini mwili wake.

Historia ya karibuni inaonyesha mwisho wa safari hii unavyotofautiana. Mswisi Jolanda Neff alianguka Desemba 2019 akifanya mazoezi huko North Carolina. Bandama lilipasuka, ubavu ukavunjika na pafu likasinyaa kwa sehemu. Juni 2021 akavunjika mkono. Julai mwaka huohuo alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo katika baiskeli za milimani. Siku moja kabla yake, Mwingereza Tom Pidcock alishinda mbio za wanaume, chini ya miezi miwili tangu gari limgonge na kumvunja mtulinga.

Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyejifunza baiskeli za milimani kwa David Kinjah huko Kikuyu, alipata mwisho mwingine. Juni 2019, akiwa Ufaransa, upepo ulimyumbisha akiwa ametoa mkono mmoja kwenye usukani. Akagonga ukuta na kuvunjika paja, kiwiko na mbavu. Februari 2020 alikuwa tena mashindanoni. Bingwa huyo wa Tour de France mara nne hakushinda tena, ila Julai 2022 alimaliza wa tatu juu ya Alpe d'Huez, mojawapo ya milima inayoogopwa kuliko yote katika mbio za baiskeli za barabarani.

Mwili haumrudishii kila mtu kile alichokuwa nacho, na hilo halipunguzi thamani ya ufundi wenyewe. Ndiyo maana shindano la kwanza baada ya jeraha huchaguliwa liwe fupi, kwenye njia inayojulikana, na lengo lake huwa kumaliza. Akimaliza bila kukaza mikono kwenye miteremko, mwendeshaji amekwisha kurudi. Nafasi aliyoshika ni hesabu ya msimu unaofuata.