Sungura Anayemwigiza Bata

Kuna katuni ya mwaka 1951 iitwayo Rabbit Fire. Mwindaji ameshika bunduki, na mbele yake sungura na bata wanasukumiana kifo: huu ni msimu wa kuwinda sungura, asema bata; la, ni msimu wa bata, ajibu sungura. Katikati ya ubishi wanabadilishana sura. Bata anajitokeza na masikio marefu akijifanya sungura. Sungura naye kajibandika mdomo wa bata. Nilikuwa nimeitazama mara nyingi nikicheka kama watu wote, mpaka siku moja nikaisikiliza nikiwa nimefumba macho. Nilishtuka. Aliyekuwa akisema maneno ya sungura hakuwa sungura. Alikuwa bata anayejitahidi kuwa sungura, na ubata wake ulisikika chini ya kila neno.

Sungura huyo, Bugs Bunny, bata huyo, Daffy Duck, na namna kila mmoja anavyomwiga mwenzake: vyote vilitoka katika koo la mtu mmoja, Mel Blanc.

Ugumu wa kuwa watu wawili kwa koo moja naujua kidogo. Katika ujana wangu niliigiza michezo ya redio. Siku moja mwenzangu hakufika, nikapewa sehemu ya mzee mwenye duka pamoja na ya kijana wake anayemwibia. Ukurasa wa kwanza nilikwenda vizuri. Kufikia wa tatu, mzee alikuwa akisema harakaharaka kama kijana, na kijana amepata kikohozi cha mzee. Nilikuwa nabadilisha koo tu. Moyoni nilibaki mtu yuleyule. Tangu siku hiyo nikimsikia mtu akisema kazi hii ni ya kuchezea sauti, namwomba anisomee ukurasa mmoja wa watu wawili wanaogombana.

Blanc alizaliwa San Francisco mwaka 1908, akakulia Portland, Oregon. Jina la ukoo lilikuwa Blank, neno ambalo kwa Kiingereza lina maana ya kitu kitupu. Kwa simulizi yake mwenyewe, mwalimu mmoja alimwambia kwamba atakuwa kama jina lake. Kijana akabadilisha herufi moja, na utupu ukabaki kwa mwalimu. Mwaka 1933 yeye na mkewe Estelle walianza kipindi cha redio mjini Portland, na kwa kuwa hapakuwa na fedha za kuajiri waigizaji, ilibidi ajigawe. Uchache wa senti ndio uliomfundisha kuwa watu wengi.

Kisha akaenda Los Angeles kubisha mlango wa studio ya Leon Schlesinger, iliyotengeneza katuni za Warner Bros. Aliambiwa nafasi zimejaa. Akarudi, akaambiwa vivyo hivyo. Alipata kusikilizwa tu baada ya mtu mwingine kushika nafasi ya msimamizi aliyekuwa akimrudisha. Kazi ya kwanza aliyopewa ilikuwa ya fahali mlevi, na mwaka huohuo wa 1937 akapewa Porky, nguruwe mwenye kigugumizi.

Hapa nataka kukaa kidogo. Aliyemwigiza Porky kabla yake, Joe Dougherty, alikuwa na kigugumizi cha kweli. Hakuweza kukitawala, na kila alipokwama filamu iliendelea kuzunguka na fedha kuteketea. Nauhisi uchungu wa mtu huyo, aliyetolewa kazini na kilekile kilichomwingiza. Blanc alikijenga kigugumizi upya kama mpiga ngoma anavyojenga pigo: neno linajaribiwa, linakataa, linajaribiwa tena, halafu nguruwe anaokota neno jingine kabisa na kupita nalo. Kigugumizi kikawa na mwendo wake.

Katika studio ile sauti ilinaswa kwanza, wachoraji wakaifuata. Mdomo wa sungura hufunguka pale mwigizaji alipofungua wake. Bega hupanda pale alipovuta pumzi. Ndiyo maana karoti anayotafuna Bugs ilibidi iwe karoti ya kweli. Walijaribu vitu vingine vya kutafuna, lakini hakuna kilichovunjika kwa mlio ule. Blanc aliitafuna mbele ya maikrofoni, na kwa kuwa hakuwa na muda wa kumeza kabla ya mstari unaofuata, aliitema kwenye chombo na kuendelea. Nalipenda sana jambo hili. Mnyama ni wa wino na rangi, wala hayupo chumbani, ila karoti ni ya shambani.

Kwa muda mrefu waigizaji wa sauti hawakutajwa kabisa kwenye filamu hizo. Blanc aliomba nyongeza ya mshahara, akakataliwa, akaomba jina lake liandikwe badala yake, hilo likakubaliwa. Ilikuwa haki yake. Lakini yule mwindaji wa Rabbit Fire, Elmer Fudd, aliigizwa na Arthur Q. Bryan, fundi wa kweli, na jina la Bryan halimo. Watazamaji wengi waliondoka wakidhani sauti zote ni za mtu mmoja. Siwezi kumsifu Blanc nikaliruka hilo.

Tarehe 24 Januari 1961 gari lake liligongana na jingine kwenye kona mbaya ya Sunset Boulevard. Alivunjika fuvu, miguu yote miwili na nyonga, akalala bila fahamu kwa takriban wiki mbili. Alisimulia baadaye kwamba daktari, baada ya kumwita kwa jina lake bila jibu, alimjulia hali Bugs Bunny, na aliyejibu kitandani alikuwa sungura. Wengine huona muujiza hapo. Mimi naona miaka zaidi ya 20 ya kazi. Alipopelekwa nyumbani, amefungwa plasta karibu mwili mzima, wenzake wa katuni ya The Flintstones walileta vifaa chumbani mwake. Maikrofoni ikaning'inizwa juu ya kitanda, akamwigiza Barney Rubble, mhusika wake katika katuni hiyo, akiwa chali. Ukimsikiliza Barney, humsikii mgonjwa.

Koo, hata hivyo, lina umri. Yosemite Sam, yule mtu mfupi mwenye masharubu mekundu na makelele, ndiye aliyemchosha kuliko wote. Katika Who Framed Roger Rabbit ya mwaka 1988, Sam alipewa mwigizaji mwingine, Joe Alaskey. Blanc, mzee wa takriban miaka 80, alibaki na wale alioweza kuwabeba. Bugs anaonekana kwa muda mfupi, akishuka na parashuti kando ya mtu anayeporomoka bila parashuti. Mtu anaomba ya akiba. Bugs anampa ya akiba kweli, kumbe ni tairi. Kipande hicho nacho nimekisikiliza nimefumba macho. Sauti imekuwa nzito, imepata mkwaruzo. Sungura mwenyewe hana haraka yoyote, na unamsikia kabisa kwamba tayari anajua kilichomo ndani ya mfuko.