Rocky ya Tano si Mbaya Kama Mnavyosema

Wasomaji, najua hapa Gasenyi nikitaja Rocky V watu watacheka. Kila anayependa filamu za ngumi ana yake. Wakubwa wanapenda ya kwanza, vijana wanataka ya nne, ile ya Drago na mazoezi ndani ya theluji. Ya tano inarukwa. Hata Sylvester Stallone, aliyeiandika na kuicheza, ameisema vibaya hadharani. Ilitoka mwaka 1990, ikaingiza kama dola milioni 40 huko Marekani, wakati ya nne ilikuwa imepita milioni 120. Mimi naitetea, na sitaficha sababu.

Malalamiko nayajua. Mwishoni Rocky hapigani ulingoni, anapigana barabarani nje ya baa, bila glavu wala refa. Promota Duke anapiga kelele mno. Kijana Tommy Gunn ameigizwa na bondia wa kweli, Tommy Morrison, na ni kweli kwamba mikono yake inajua kazi kuliko mdomo. Mwaka 1993 huyo Morrison alimshinda kwa pointi George Foreman, Foreman yule yule aliyeangushwa na Ali kule Kinshasa mwaka 1974. Kupigana alijua. Kuigiza, basi tumwache.

Lakini angalieni mwanzo wake. Rocky ametoka kushinda Moscow, mikono inatetemeka. Daktari anasema ubongo umeumia, ngumi basi. Halafu inajulikana kwamba mali imekwisha. Paulie, shemeji yake, alimletea karatasi asaini, akidhani ni mambo ya kodi, kumbe inampa mhasibu mamlaka juu ya kila kitu. Vitu vya nyumbani vinapigwa mnada. Familia inarudi mtaa wa zamani wa Philadelphia, Adrian anarudi kuuza kwenye duka lile lile la wanyama. Mwongozaji ni John G. Avildsen, aliyeongoza ile ya kwanza ya 1976, na mitaa hiyo anaionyesha bila kuipamba.

Mara ya kwanza niliiona kwetu, Jumapili moja umeme uliporudi. Vijana wa jirani wakaanza: "Weka ya nne, bwana!" Papa, ambaye hana habari na ngumi, akasema, "Muache iendelee." Ilikuwa pale kwenye mnada.

Papa naye alisaini karatasi. Tulipokimbia Uvira alimwachia ndugu mmoja parsele yetu aiangalie, na karatasi ile ile ikatumika kuiuza. Huyo ndugu bado anapiga simu siku za sikukuu, na Papa bado anapokea. Miaka mingi nilimwona Papa mjinga kwa hilo. Sasa mwangalie Rocky. Anamkasirikia Paulie, lakini hamfukuzi. Wanaendelea kukaa nyumba moja na kula pamoja, na Paulie anaendelea kunung'unika kama kawaida yake. Hakuna hotuba ya msamaha. Mhasibu naye hakuna anayemfuata kulipiza kisasi. Filamu haina muda naye, inataka kujua watu hawa wataishi vipi Jumatatu. Sehemu nyingine za Rocky zinatuonyesha jinsi ya kupanda. Hii ndiyo inayomfuata mtu aliyekwisha shuka, na sisi huku tunamjua mtu huyo.

Halafu kuna Robert, mtoto wa Rocky, aliyeigizwa na Sage, mtoto wa kweli wa Stallone. Anaingia shule mpya, anapigwa, anaibiwa koti. Baba yake hamwoni, kwa sababu amempata Tommy na kupitia kwake anatafuta kurudi alikotoka. Anampa hadi kaptula ya Apollo Creed. Hapo filamu inasema kweli chungu: aliyepoteza vingi anaweza kutazama nyuma mpaka asahau aliye mbele yake. Mimi nilifika shule ya hapa nikiwa na Kiswahili changu tu, Kirundi sijui, Kifaransa cha kubahatisha. Nilichekwa mwaka mzima. Jioni Papa alikuwa kwenye simu, anafuatilia parsele.

Kasoro ninayoiona mimi si ile ya barabarani. Ni kwamba Rocky na mwanawe wanapatana haraka mno, maneno machache tu, kisha wanapanda pamoja zile ngazi za makumbusho. Maisha hayaendi hivyo. Nadhani ndiyo maana Rocky Balboa ya 2006 inawakuta baba na mwana wameachana tena kimoyo, na hapo ninaiamini zaidi.

Filamu ilipoisha vijana walitoka wanalalamika. Papa akabaki, akauliza, "Yule mtoto, hakuna aliyemuuliza shuleni kukoje?"

"Hapana, Papa."

Akanyamaza. Kisha akasema, "Na wewe sikukuuliza."

Siku ile sikumjibu. Nilimjibu wiki iliyofuata, na tulikaa mpaka usiku. Kwa hiyo mwenye ile ya tano asiiruke. Aiangalie pamoja na mzazi wake, na kelele za Duke azivumilie.