Kabla ya Kusifia Rangi

Pikipiki ya Honda CG125 iliyofufuliwa uani huko Izimbya, Kagera, ikitolewa juani, tangi jekundu ndilo linalowavuta wapita njia. Mjuzi huliacha kwanza. Huinama chini ya usukani, akasoma namba iliyogongwa kwenye shingo ya fremu na kuilinganisha na kadi ya usajili ya TRA. Ikiwa imesuguliwa au imefukiwa kwa rangi, mazungumzo yaishe hapohapo.

Honda waliitoa CG mwaka 1976, wakiwalenga waendeshaji wa nchi zinazoendelea, ambako pikipiki hukaa muda mrefu bila kubadilishwa oili. Injini yake ya cc 124 haina cheni ya taimingi. Valvu husukumwa na vijiti. Viwanda vya China vikainakili kwa wingi, ndiyo maana spea nyingi za bodaboda za Kichina huingia humo bila taabu. Lakini kuingia si kufaa. Kabureta ya zamani iliyofumuliwa na kuzibuliwa vitundu vyake ina thamani kuliko mpya ya bei ya chee, na fundi aliyejua cha kuacha anastahili sifa kuliko aliyebadilisha kila kitu.

Kabla ya kupiga kiki, mnunuzi aguse injini. Ikiwa ya moto, mwenyewe ameshaiwasha mapema. Isubiriwe ipoe, kwa sababu kasoro nyingi hujionyesha injini ikiwa baridi. Ikishawaka, moshi wa bluu ukiendelea kutoka, injini inakula oili: ringi au sili za valvu zimechoka.

Kisha asikilize. Mlio mwembamba wa tik-tik juu ya injini usimtishe, kwani valvu za CG huachiwa nafasi ya milimita 0.08 injini ikiwa baridi. Kimya kabisa ndicho kibaya zaidi: valvu iliyobanwa haifungi sawasawa, na huungua. Mlio mzito wa kugonga kutoka chini, kwenye krenki, ni gharama kubwa.

Tangi sasa. Tochi imulike ndani. Kutu iliyoachwa humo itashuka hadi kwenye kabureta.

Mwisho, cheni. CG ilitoka kiwandani na kava linalofunika cheni yote, na mafundi wengi hulitupa ili kazi ya kuikaza iwe nyepesi. Kwa matope na vumbi jekundu la Kagera, hilo ni kosa kubwa. Penye kava hilo, limenyooshwa na kufungwa kwa bolti zake zote, mnunuzi aongeze bei bila kusita, hata kama rangi ya tangi imefifia.