WINGI WA WATU SI MIZANI: Tamasha Kubwa na Ngoma Ndogo Katika Simiyu

Pamba ikishavunwa na mkulima akashika fedha yake, nchi ya Usukuma huingia katika msimu wa ngoma. Tangu Juni hadi Agosti mvua hakuna, njia zinapitika, jembe limepumzika, na vijana wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega hutafuta pa kwenda. Mbele yao ziko njia mbili. Moja ni tamasha kubwa la mjini, lenye jukwaa, taa, vipaza sauti na jina la mdhamini limetundikwa juu. Ya pili ni ngoma ya kijijini, katika uwanja wa shule au chini ya mti, ambako mpigaji ni shemeji na mchezaji ni jirani. Je, ipi iliyo bora?

Huenda msomaji akauliza: gazeti la Kiislamu lina shauri gani na ngoma? Jibu ni kwamba vijana wetu wanakwenda, tupende tusipende. Na mzazi asemaye "usiende" tu, bila ya kueleza lolote, mara nyingi husikilizwa mchana na kusahauliwa usiku. Basi ni wajibu wetu kulitazama jambo lenyewe kwa uadilifu.

Kuhusu hukumu ya muziki, wanazuoni wamehitilafiana tangu zamani. Ibn al-Jawzi, aliyefariki mwaka 1201, aliukemea vikali, akauhesabu kuwa ni katika hila za Iblisi. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliupambanua: uko unaofaa na uko usiofaa, kwa kadiri ya maneno yake, hali ya msikilizaji na mahali unapoimbwa. Nasi tunajua kisa cha wasichana wawili walioimba siku ya Idi nyumbani kwa Bibi Aisha, na jinsi Mtume (S.A.W.) alivyomtaka Sayyidna Abubakar awaache, na kisa cha Wahabeshi waliocheza kwa mikuki yao msikitini, naye Mtume akawaangalia. Hatuna haja ya kuufungua upya mjadala huo hapa. Sisi tunachukua jambo moja tu kutoka kwa al-Ghazali, naye kalinukuu kutoka kwa Junaid wa Baghdad: kwamba usikilizaji unahitaji vitu vitatu, yaani wakati, mahali, na wenzi. Hiyo ndiyo mizani tutakayoitumia.

Lakini kwanza tuutazame mzani ambao watu wanautumia sasa, nao ni wingi. Kati ya Wasukuma mna vyama viwili mashuhuri vya ngoma, Wagika na Wagalu, vilivyoanza katika karne ya 19. Desturi ya mashindano yao ni ya ajabu. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, huku na huku, na hakimu ni miguu ya watazamaji: anayevuta watu wengi upande wake ndiye mshindi. Kwa hiyo kila manju hubuni jambo la kushangaza. Mmoja atacheza na chatu, mwingine atarusha majembe kwa mizungu ya bugobogobo, mwingine atatunga wimbo wa kumkejeli mpinzani. Katika uwanja wa kijiji desturi hiyo ina mpaka wake, kwani watazamaji ni watu wanaojuana na wanaijua kazi. Mkulima aliyelima kwa mdundo wa bugobogobo hadanganyiki kwa jembe lililorushwa ovyo. Wingi hapo ni wingi wa mashahidi wenye elimu.

Mzani huo huo ukihamishwa kwenye tamasha kubwa, huharibika. Pale umati haukuletwa na ufundi wa manju. Umeletwa na matangazo, malori na fulana za bure. Tumeona katika miaka ya karibuni jinsi Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 tu, ulivyopata mikusanyiko mikubwa. Sherehe za kitaifa za Nane Nane zilifanyika Nyakabindi, Bariadi, kwa miaka mitatu mfululizo, 2018 hadi 2020. Kipindi hicho pia palikuwapo tamasha la Simiyu Jambo, lenye mbio za baiskeli na mashindano ya ngoma za Wagika na Wagalu. Hatusemi kwamba hayo yalikuwa mabaya. Mkulima aliyekwenda Nyakabindi aliona mbegu na zana, na mama lishe aliuza. Tunalosema ni kwamba ngoma iliyopandishwa jukwaani hubadilika. Shindano lililokuwa la siku kadhaa huwa la dakika chache, wimbo hukatwa ili mgeni rasmi apate kuhutubia, na mtazamaji hawezi tena kuhama upande huu kwenda ule kwa sababu amesimamishwa nyuma ya kamba. Hakimu amefungwa miguu!

Nasi Waislamu tunayo sababu ya zaidi ya kutoutegemea wingi. Siku ya Hunain, mwaka wa 8 Hijria, jeshi la Waislamu lilikuwa watu wapatao 12,000, na baadhi yao wakajiona kwamba kwa idadi ile hawashindwi. Wingi ule haukuwafaa kitu mpaka Mwenyezi Mungu alipowateremshia utulivu. Basi mtu asiseme, "Nimekwenda kwa sababu wote wamekwenda."

Sasa tupime kwa mizani ya Junaid.

1. MAHALI. Hatari kubwa ya umati si ugomvi, kama wengi wanavyodhani. Watu wakifikia watano au zaidi katika mita moja ya mraba, mtu hana tena hiari ya mwili wake. Husukumwa kama maji. Wengi wafao hapo hawakanyagwi, bali hubanwa kifua wakiwa wamesimama, hata pumzi ikakatika. Na walio nyuma huendelea kusukuma kwa kuwa hawaoni ya mbele. Ndivyo walivyokufa watu 9 katika tamasha la Roskilde, nchini Denmark, mwaka 2000, na watu 10 Houston, Marekani, mwaka 2021. Nchi zile zina fedha na vyombo, na bado yalitokea. Wala tusidhani ni mambo ya mbali. Siku ya tarehe 1 Oktoba 2008, katika sikukuu ya Idi-el-Fitri, watoto wapatao 20 walikufa kwa msongamano katika disko mjini Tabora. Walikuwa watoto, na ilikuwa Idi yetu. Ule ulikuwa ukumbi na si uwanja wa wazi, lakini sababu ni ile ile: watu wengi, nafasi ndogo. Katika ngoma ya kijijini hakuna ukuta wala lango. Anayechoka hurudi nyuma hatua kumi akapumua.

2. WAKATI. Ngoma ya kijijini huweza kuanza alasiri, na ikiwa wazee wana kauli, husimama jua linapotua. Tamasha kubwa mara nyingi huanza pale Magharibi inapoadhiniwa, kwa kuwa taa za jukwaa zinataka giza, na msanii mkubwa huwekwa mwisho ili watu wasiondoke. Kijana aliyelipa kiingilio hawezi kutoka kwenda kuswali kisha akarudi. Hata akitaka, hana pa kutia udhu. Na wakati una maana nyingine: huu ni msimu wa fedha ya pamba. Jasho la miezi mingi, la palizi na kupulizia dawa, huweza kuishia katika usiku mmoja wa nauli, kiingilio na vinywaji, hali ya kuwa deni la pembejeo halijalipwa na mtoto hana sare.

3. WENZI. Uwanjani kijijini binti anaonwa na shangazi yake, na kijana anajua kwamba akifanya upuuzi habari itafika nyumbani kabla yake. Katika umati wa maelfu kila mtu ni mgeni, na mgeni hana haya. Haya ni tawi la imani, na tawi hilo hukauka mahali ambapo hakuna akujuaye ila Mwenyezi Mungu, nawe umemsahau.

Uadilifu unatutaka tuseme upande wa pili. Si kila dogo ni jema. Ngoma nyingine za vijijini zimejaa pombe ya kienyeji, na katika mashindano ya Wagika na Wagalu umezoeleka tangu zamani uganga wa kuvuta watazamaji na kumdhoofisha mpinzani. Kutegemea dawa ili watu wakupende ni jambo linalogusa itikadi, wala halihalalishwi kwa kuitwa mila. Na si kila kubwa ni baya. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza Zanzibar mwaka 2004, hutumia Ngome Kongwe, ambayo kuta zake zenyewe huweka kikomo cha watu. Lakini hata hilo lilikosa kufanyika mwaka 2016 kwa uhaba wa fedha. Hapo pana funzo: kubwa huishi kwa mfadhili, na mfadhili akiondoka, ngoma hunyamaza. Ngoma ya kijijini haikumngoja mfadhili tangu ilipoanza.

Kwa hiyo hukumu yetu ni hii. Anayetaka kuijua ngoma ya Wasukuma kama ilivyo, na aende kwenye ile ndogo, mchana, pamoja na watu wake. Huko ndiko iliko sanaa yenyewe, na huko ndiko dini yake ina nafasi ya kupumua. Aendaye kwenye kubwa, na aende kwa haja maalumu, kama biashara au maonyesho ya kilimo, aijue njia ya kutokea kabla ya kuingia, asimpeleke mtoto mdogo, na arudi kabla ya usiku kukomaa. Na ile ndogo yenye pombe na uganga, aiache kama angeiacha kubwa.

Neno la mwisho ni kwa wazee na viongozi wa misikiti yetu ya Bariadi na Maswa. Kijana akikosa furaha ya halali karibu, ataifuata ya haramu mbali. Je, siku ya Idi tumemwandalia nini? Dufu, qasida, mashindano ya baiskeli na ya kukimbia, chakula cha pamoja pamoja na majirani wasio Waislamu, vyote hivi havihitaji mdhamini wala jukwaa. Uwanja mmoja, alasiri moja, na wazee wakae wautazame mchezo mpaka mwisho badala ya kuwaachia vijana peke yao. Tusipofanya hivyo, tusilaumu vipaza sauti vya mjini vikituitia watoto wetu.

Wabillahi tawfiq.